Dhamini mchezaji wa gofu kwa msimu mzima, si kwa safari moja

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie gofu ya kulipwa ya daraja la chini, ile ambayo vijana huipitia kabla ya kufika kwenye mashindano yanayoonekana kwenye televisheni. Tunaandika kutoka Dodoma, mji wa zabibu na upepo ambao gofu yake bado ni kidogo, kwa sababu hapa makao makuu ndipo zilipo ofisi nyingi zinazopelekewa barua za "kumsaidia kijana wetu akacheze nje". Msaada huo tumeuzoea kwa sura moja: mfuko mpya wa fimbo, fulana yenye nembo, nauli ya kwenda na kurudi, na picha ya kukabidhiana. Baada ya mashindano mawili kijana karudi nyumbani, na mitaani wanasema hakuwa na kiwango. Huenda ni kweli. Lakini kwa mashindano mawili hakuna anayeweza kujua.

Ziara hizi ndogo, yaani mfululizo wa mashindano, zimejengwa kwa hesabu ya msimu, wala si ya wiki moja. Marekani ziara ya daraja la pili ya wanaume ilianza 1990 kwa jina la Ben Hogan Tour, ikabadilisha wadhamini mara kadhaa, na tangu 2019 inaitwa Korn Ferry Tour. Pointi hujumlishwa tangu shindano la kwanza hadi la mwisho. Mwaka 2024 walio 30 bora walipewa kadi (vibali vya kucheza) za PGA Tour, ziara kuu ya huko; kuanzia 2025 ni 20 tu. Mchezaji anapandishwa katikati ya msimu akishinda mara tatu, na hao wanahesabika. Wanawake wana Epson Tour, iliyoanza 1981 na ambayo zamani iliitwa Futures Tour. Ulaya wana Challenge Tour, ambayo tangu 2025 inaitwa HotelPlanner Tour, nayo hutoa kadi 20.

Jirani zetu wa Kenya wanaijua ngazi hii kwa karibu. Kenya Open ilikuwa shindano la Challenge Tour kwa miaka mingi hadi 2018, ikapandishwa daraja 2019. Trevor Immelman wa Afrika Kusini aliishinda mwaka 2000, miaka minane kabla hajatwaa Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu duniani. Sasa kuna na Sunshine Development Tour East Africa Swing, iliyoanza 2024, ambayo imemsogezea kijana wa Kitanzania mlango hadi mahali anapoweza kufika kwa basi. Mlango kuwa karibu ni jambo jema, ila kuna hesabu tatu ambazo wadhamini hawaambiwi.

Ya kwanza ni handikapu, namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji: kadiri ilivyo ndogo ndivyo anavyocheza vizuri. Barua za maombi hupenda kuandika: "Kijana huyu ana handikapu ya sifuri." Msomaji ofisini anaelewa kwamba kijana hucheza sawasawa na kiwango cha uwanja (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari) kila anaposhika fimbo. Sivyo. Mfumo wa handikapu wa dunia, unaotumika tangu 2020, huchukua raundi 20 za mwisho, ukaziacha 12 mbaya na kupiga wastani wa 8 nzuri. Handikapu ya sifuri maana yake ni kwamba siku zake nzuri zinafanana na kiwango cha uwanja. Siku yake ya kawaida iko mikwaju miwili au mitatu juu. Sasa mpeleke kwenye shindano la mashimo 54, yaani raundi tatu, ambapo mchujo wa kuwaondoa walio nyuma hufanyika baada ya 36. Raundi mbili za kawaida zinamweka mikwaju mitano juu ya kiwango, na mchujo kwa kawaida hauwi mpole kiasi hicho. Atafungasha baada ya raundi ya pili, bila senti na bila pointi, na hapo hajacheza vibaya: kacheza kama anavyocheza siku zote.

Kwa hiyo anayetaka kudhamini aulize maswali mengine. Wastani wa raundi zote 20 ni ngapi, zile mbaya zikiwemo? Ngapi kati yake zilichezwa kwenye uwanja usio wa nyumbani, kutoka vibao vya nyuma kabisa (mahali pa kuanzia palipo mbali zaidi na shimo), kila mpira ukiingizwa shimoni bila "hiyo imeshaingia" ya marafiki? Mchezaji aliye tayari kwa ziara ndogo awe na handikapu ya chini ya sifuri kwa mikwaju mitatu au zaidi. Aliye kwenye sifuri hajaharibikiwa; anahitaji mwaka mmoja zaidi katika mashindano ya ridhaa, na hapo ndipo fedha ya mdhamini inapofanya kazi kubwa kwa gharama ndogo.

Hili la ridhaa tulisemee kidogo, maana wapo wanaojitangaza kuwa wa kulipwa mapema mno. Tangu Januari 2022 kanuni zinamruhusu mchezaji wa ridhaa kupokea zawadi, hata ya fedha taslimu, hadi dola 1,000 katika shindano lisilotumia handikapu. Zaidi ya hapo anapoteza hadhi yake. Ziara nyingi ndogo pia huwakubali wa ridhaa wachache katika orodha yao. Akicheza hivyo anajifunza viwanja, mchujo na safari bila kujifungia milango ya timu ya taifa na mashindano ya ridhaa ya kanda. Haraka ya nini?

Hesabu ya pili ni ya fedha. Bei hubadilika, basi kila mtu aweke zake. Sisi tunaweka za mfano ili umbo lionekane. Shindano moja mkoa wa mbali au nchi jirani: kiingilio 250,000, nauli 180,000, malazi siku sita kwa 60,000, jumla 360,000, chakula siku saba kwa 25,000, jumla 175,000, kedi (mbeba mfuko) siku tano kwa 40,000, jumla 200,000, mipira ya kuchezea 150,000, mipira ya mazoezi, bodaboda na dharura 85,000. Hiyo ni shilingi 1,400,000 kwa wiki moja, bila anasa yoyote.

Sasa tuseme fungu la zawadi ni shilingi milioni 40, nalo linagawanywa kwa jedwali la PGA Tour. Mshindi anachukua asilimia 18, yaani milioni 7.2. Wa sita anapata asilimia 3.6 na ushee, kama milioni 1.45. Wa kumi anapata asilimia 2.7 na kitu, kama milioni 1.09. Kijana anamaliza wa kumi kati ya watu 70, kwao wanashangilia, na wiki hiyo kapata hasara ya laki tatu kabla ya kodi ya zuio. Kedi naye ana haki yake: desturi ya ziara kubwa ni malipo ya wiki pamoja na asilimia 5 ya zawadi mchezaji akivuka mchujo, 7 akiwa ndani ya kumi bora, 10 akishinda. Tunayaandika haya ili mdhamini asitegemee zawadi za shindano la kwanza zilipie la pili. Mpango wa "mpe mtaji, atajizungusha" unafaa kwenye genge la nyanya, haufai hapa.

Mashindano kumi kwa mfano huo ni milioni 14. Ongeza milioni mbili za akiba, kwa kuwa fimbo huvunjika na watu huugua. Kampuni isiyoweza milioni 16 isijilazimishe. Iungane na nyingine mbili. Wadhamini watatu kwa mchezaji mmoja ni bora kuliko mdhamini mmoja kwa wachezaji wanne wanaocheza mara mbili mbili kisha wanatoweka.

Hesabu ya tatu ndiyo inayotugusa hasa sisi wa kanda ya kati: mwinuko. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Dar es Salaam iko pwani. Viwanja vingi vya Nairobi viko karibu na mita 1,700. Hewa ya juu ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi. Kanuni ya kukadiria wanayotumia wengi ni ongezeko la asilimia 1.16 kwa kila futi 1,000, sawa na takriban mita 300. Fimbo namba 7 inayopeleka mpira mita 150 Dar itaupeleka kama 156 Dodoma na karibu 160 Nairobi. Kati ya Dar na Nairobi ni tofauti ya fimbo nzima. Mchezaji anayetoka pwani Jumatatu na kuanza kushindana Alhamisi akiwa na vipimo vya nyumbani atarusha mipira nyuma ya grini (eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo) siku nzima huku akilaumu upepo.

Na tuondoe dhana moja hapa. Wengi husema mpira haufiki mbali Dar kwa sababu ya unyevunyevu, eti hewa yenye maji ni nzito. Hewa yenye mvuke ni nyepesi kidogo kuliko kavu. Kinachoufupisha mpira pwani ni kukosa mwinuko na upepo wa baharini usoni.

Dawa ni kijitabu cha mfukoni chenye safu tatu: pwani, Dodoma au Arusha, Nairobi. Kila fimbo inaandikwa umbali wa kutua, usichanganywe na ule wa kubiringika. Kazi ya kuzijaza inafanywa siku ya Jumanne, saa ile ile ambayo raundi itachezwa, maana mpira wa saa moja asubuhi kwenye baridi hauruki kama wa saa nane mchana. Mipira kumi kwa fimbo, mzuri kabisa na mbaya kabisa vinatupwa, minane inapigwa wastani. Saa mbili zinatosha.

Nyasi nazo zinabadilika. Viwanja vya nyanda za juu Kenya vina nyasi za kikuyu, majani mapana yanayonata kwenye kichwa cha fimbo. Mpira ukizama humo, fimbo inageuka mkononi na mpira unakwenda kushoto kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Kamata kwa nguvu kidogo zaidi, fungua uso wa fimbo, chukua fimbo inayoinua mpira zaidi na ukubali kupoteza mita kumi. Viwanja vya joto vina bermuda, ambayo kwenye grini majani yake hulala upande mmoja: ukitazama ukaona nyasi zinang'aa, zimelala kwenda mbele na mpira utakimbia, zikionekana nyeusi zinakuja kwako na mpira utasita. Ndiyo maana siku ya mazoezi hatushauri kuhesabu mikwaju. Achana na mashimo yalipo leo. Weka sarafu nne kwenye pembe za grini, ambako mashimo yatahamishiwa siku za mashindano, kisha puti (ubiringishe mpira) kuelekea huko.

Vifaa vya kijana wa Dodoma vinakufa kwa vumbi na jua. Vumbi jekundu hujaza mifereji ya uso wa fimbo, na fimbo yenye mifereji iliyojaa haisokoti mpira. Unatua grini na kuendelea na safari. Brashi ya meno na ndoo ya maji baada ya kila mazoezi ndiyo matengenezo yote. Weji, zile fimbo fupi za kuinua mpira, zikipigiwa mchangani kila siku mifereji hulika kabisa, basi ziwepo mbili: za mazoezi na za mashindano. Gripu, sehemu ya fimbo inayoshikwa, zioshwe kwa sabuni ya sahani na zikauke usiku kucha ndani, si juani. Zikianza kung'aa kama kiatu zibadilishwe. Gripu iliyokauka humfanya mtu akaze mikono bila kujua, na mikono iliyokazwa ndiyo mama wa mipira inayokwenda kulia.

Safari ya Dodoma hadi Nairobi kwa barabara ya Kondoa, Babati, Arusha na Namanga ni takriban kilomita 700. Ndani ya buti la basi, chini ya magunia, fimbo hukatika shingoni. Kata mpini wa fagio uzidi draiva (fimbo ndefu kuliko zote) kwa sentimita tano, uuchomeke katikati ya mfuko ili ubebe mzigo badala ya fimbo, funga vichwa vyote kwa taulo moja, na kichwa cha draiva kifunguliwe kisafiri kwenye begi la mkononi. Atakayecheza Morogoro au Dar ana bahati ya treni ya SGR, anafika miguu ikiwa bado ni yake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ichomewe mapema: huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano, na ikishapatikana ni ya maisha. Kuchoma jioni ya kuamkia safari ni kupoteza fedha.

Kuhusu msaada wa mipira, tunaomba kwa heshima: msikusanye mipira mchanganyiko. Mashindano mengi ya kulipwa yana kanuni ya kutumia chapa na aina ileile tangu shimo la kwanza hadi la 18. Katoni ya mipira ya kila rangi inafaa mazoezini tu. Ulizeni kijana anatumia upi, nunueni huo, dazeni mbili kwa shindano.

Kanuni nazo hula mikwaju kuliko mabanka, ile mitego ya mchanga. Klabuni kwetu kuna mazoea ya kuinua mpira na kuuweka vizuri kwenye nyasi fupi. Kwenye ziara hilo linaruhusiwa tu siku ambayo kamati imetangaza. Vinginevyo akiusogeza na kuucheza ni adhabu ya mikwaju miwili. Kuchelewa kwenye shimo la kwanza ndani ya dakika tano ni mikwaju miwili, zaidi ya hapo ameondolewa. Kutafuta mpira ni dakika tatu, siyo tano kama ilivyokuwa kabla ya 2019. Kipima umbali kinachoonyesha na mteremko kizimwe sehemu hiyo: kosa la kwanza mikwaju miwili, la pili anaondolewa. Mfuko uwe na fimbo zisizozidi 14, zihesabiwe asubuhi, kwa sababu weji ya mazoezi ina tabia ya kujificha. Na kadi ya alama: anayejaza ni mwenzako, anayeadhibiwa ni wewe. Ukisaini shimo kwa mkwaju mmoja pungufu ya uliopiga umefutwa kwenye shindano. Mjumlishe wawili, shimo kwa shimo, kwa sauti, kabla ya kutoka kwenye meza.

Mkataba wa udhamini basi uweje? Tunapendekeza fedha zitolewe kwa kila shindano analoanza, siku 14 kabla, ili kiingilio kilipwe kabla orodha haijafungwa. Isiwe zawadi ya ushindi. Akishinda atalipwa na waandaaji. Pasiwe na kifungu cha kusitisha fedha baada ya kukosa michujo miwili au mitatu, maana hiyo hutokea hata kwa wanaokuja kupata kadi. Tathmini ifanyike baada ya shindano la tano na tena la kumi, kwa namba ambazo mchezaji anajaza kila usiku: ni mara ngapi mpira wa kwanza umetua kwenye nyasi fupi, grini ngapi kati ya 18 amefika akiwa na nafasi ya kuputi mara mbili, ameputi mara ngapi, na mikwaju mingapi ya adhabu. Anayefika grini 11 na kuputi mara 34 ana tatizo tofauti kabisa na anayefika grini 7 na kuputi mara 29, ingawa kadi zao zinaweza kufanana. Wa kwanza apewe mwezi wa kuputi. Wa pili apelekwe kwa mwalimu. Nafasi aliyomaliza peke yake haikwambii lolote la kufanyia kazi.

Mwisho, kwa wale wanaotuambia Dodoma ingoje kwanza ijengewe mashimo 18. Mashimo 18 yakija tutashukuru. Lakini kinachohitajika kumwandaa mchezaji wa msimu ni kipande cha ardhi cha mita 100 kwa 270, wavu pembeni, na grini moja ya nyasi halisi. Zipo sehemu kame zinazotumia mchanga uliochanganywa na oili chafu badala ya grini. Ni rahisi, haihitaji maji, lakini humfundisha kijana kugonga mpira badala ya kuubiringisha, hakuna mlalo wa nyasi wa kusoma, na oili inashuka ardhini. Grini ya mita za mraba 400 yenye bermuda, kwa kukadiria milimita tano za maji kwa siku wakati wa kiangazi, inakunywa lita 2,000 kila siku. Hayo ni matangi mawili ya lita elfu moja, yakimwagwa alfajiri kabla upepo haujaamka, kuanzia Mei hadi mvua za Desemba. Maji yaliyokwisha kutumika kuogea na kufulia, yakichujwa vizuri, yanafaa. Taasisi yenye mabweni au hoteli kubwa ina maji hayo tayari, na yanakwenda shimoni bure.

Wenye eneo la namna hiyo ndani ya jiji, hata likiwa na mawe na miiba, wajitokeze kabla ya Novemba ili udongo usawazishwe na vipandikizi viwe tayari mvua ya kwanza ikianguka.

Ni sisi,
Walimu na makedi wa gofu,
Dodoma.